Maisha ndani ya nyumba ya hisani Uingereza: kuingia ni kazi, kutoka ni kazi zaidi

Lukuledi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda naona humu mtu anauliza akikosa pa kulala huku kwa Mfalme aende wapi, na majibu huwa ni yale yale mawili: rudi nyumbani, au kajibanze kwa Mbongo mwenzako. Mimi nimekaa zaidi ya mwaka kwenye nyumba ya shirika la hisani kaskazini mwa Uingereza, na sasa nina fleti yangu. Shirika silitaji wala mji siutaji, humu tunafahamiana. Nataka kuongelea zaidi habari ya hela, maana huko ndiko nimeona watu wengi wananasa, na sapoti woka (wafanyakazi wa shirika wanaokusaidia kujipanga) wengine wenyewe hawaielewi vizuri.

Nilivyofika huko ni hadithi mnayoijua. Ndoa ilivunjika, mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina la mwenzangu, na ghala nililokuwa nabeba boksi likapunguza watu wa wakala. Nikaanza kuhamia makochi. Wabongo hawakunitupa, nisiwasingizie. Lakini na wao wamepanga, mkataba unataja idadi ya watu, watoto wanataka sebule yao, na ukishaanza kusikia mume na mke wanashushiana sauti chumbani unajua wanakuongelea wewe. Baada ya makochi ni mabasi ya usiku, kisha maktaba inapofunguliwa asubuhi unakuwa wa kwanza mlangoni kama mwanafunzi wa udaktari.

Halmashauri nilienda. Ipo sheria ya 2017 ya kupunguza ukosefu wa makazi, ilianza kazi Aprili 2018, inawalazimu wakusikilize na wakutengenezee mpango: siku 56 za kukusaidia usipoteze ulipo, na siku 56 nyingine za kukusaidia upate pengine kama umeshapoteza. Angalieni neno ni kusaidia. Wajibu kamili wa kukupa makazi unawahusu wenye watoto, wajawazito, waliokimbia kipigo nyumbani, wagonjwa na wengine walio dhaifu zaidi. Mwanaume mzima mwenye viungo vyake vyote hayupo kwenye foleni hiyo. Nikatoka na karatasi na namba za simu.

Kilichonisaidia ni kuonekana. Kuna huduma inaitwa StreetLink, kwa England na Wales, mtu yeyote anaweza kuwaarifu kwamba fulani analala mahali fulani, hata wewe mwenyewe unaweza kujitaja. Timu inakuja usiku au alfajiri kukutafuta. Wakikukuta umelala pale, jina lako linaingia kwenye rekodi zao, na nyumba nyingi za hisani zinachukua watu kupitia timu hizo au halmashauri. Ni nadra kufika tu na begi ukapewa funguo. Kwa hiyo anayejificha sana kwa aibu ndiye anayechelewa kupata. Na baridi ikishuka sana, halmashauri nyingi hufungua sehemu za dharura za kulala hata kwa wale ambao kwa kawaida hawana haki nazo. Usilale nje usiku wa barafu kwa sababu eti huna karatasi. Uliza.

Sasa ndani. Chumba kimoja, kitanda cha mtu mmoja, friji ndogo, mlango una kufuli. Nililala siku mbili karibu mfululizo. Jiko la pamoja, na mtindi wako hata ukiuandika jina unaliwa. Wageni hawalali. Chumba kinakaguliwa. Pombe kwenye nyumba yetu ilikatazwa, bangi ilikatazwa, na vyote vilikuwepo. Kengele ya moto ikilia saa nane usiku wote tunasimama uani na blanketi, na mara nyingi ni mtu kaunguza tosti. Jirani yangu wa ukutani alikuwa mzee wa Kiskoti aliyetoka jeshini, mtu wa watu. Siku ya kwanza aliyoniona nasonga ugali alisimama mlangoni hadi nilipomaliza, akaniuliza kama ule ni saruji. Baadaye alikuwa anaudai yeye.

Mkataba wako hapo si wa mpangaji. Ni ruhusa ya kukaa, na nyumba nyingi zinaweza kukutoa kwa notisi fupi ukivunja masharti. Kila wiki unakaa na sapoti woka: madeni, daktari, kitambulisho, kozi. Wengine wanaona usumbufu. Mimi wangu, mama mmoja, nilimtumia hadi alichoka. Akaunti ya benki, barua za deni la gesi la nyumba niliyotoka, vyote tulivimaliza mezani kwake. Daktari, mjue, hahitaji hata uthibitisho wa anwani ili akuandikishe, kwa hiyo hilo usisubiri hadi upate nyumba.

Sasa hela. Someni taratibu, hesabu ni za mwaka wa fedha 2025/26.

Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa mtu mmoja wa miaka 25 na zaidi ilikuwa paundi 400 na senti kwa mwezi. Malipo ya kwanza yanakuja baada ya wiki kama tano, na ile "advance" wanayokupa katikati ni mkopo, wanaukata taratibu. Kodi ya nyumba ya namna hii hailipwi na Universal Credit, inalipwa na Housing Benefit, msaada mwingine wa kodi ya nyumba, kupitia halmashauri. Kodi yenyewe ni kubwa mno kwa sababu imebeba ulinzi, wafanyakazi, ukarabati na mazagazaga yote. Yangu ilikuwa paundi 240 kwa wiki, kwa chumba ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Juu yake kuna mchango wako wewe mwenyewe wa umeme na huduma ambazo Housing Benefit haigusi. Kwangu ulikuwa paundi 18 kwa wiki, na hizo ndizo wakazi wengi wanaziacha zinakuwa deni. Deni hilo linakufuata siku ya kutafuta fleti.

Ukipata kazi, Universal Credit inapungua senti 55 kwa kila paundi unayoingiza. Hapo sawa, bado una faida. Ila kadiri unavyobaki na Universal Credit hata ya paundi moja, kodi yako inalipwa yote. Ukifikisha kipato cha kama paundi 727 kwa mwezi, Universal Credit inakuwa sifuri. Hiyo ni kazi ya saa kama 14 kwa wiki kwa mshahara wa chini wa mwaka huo, paundi 12.21 kwa saa. Siku unayogusa hapo, Housing Benefit inaanza kukupigia hesabu yake upya, na ghafla unatakiwa uchangie kodi karibu paundi 46 kwa wiki. Kuanzia hapo kila paundi ya ziada wanachukua senti 65 hadi kodi ile kubwa iishe. Kwa kodi ya paundi 240 haiishi leo.

Kwa hiyo mle ndani utakuta vijana wenye nguvu wanafanya saa 12 kwa wiki na kukataa shifti, na Waingereza wa nje wanawaita wavivu. Si uvivu, wamepiga hesabu. Lakini hesabu hiyo ina sumu: mwaka unapita, wa pili unapita, CV ina saa 12 kwa wiki, na fleti ya nje hakuna mwenye nyumba anayekupa. Ndiyo maana nasema kutoka kuanze siku ya kuingia. Mimi nilifanya hivi: nikatumia ule muda wa kodi kulipwa kuchukua leseni ya foklifti na cheti cha usafi wa chakula (shirika lililipa), nikafanya saa chache, nikalipa mchango wangu kila wiki bila kukosa, na kazi ya saa kamili nikaipanga ianze karibu na tarehe ya kuhama.

Na walio chini ya miaka 35, hili liandikeni ukutani. Kwa kawaida msaada wa kodi ya nyumba binafsi kwa umri wenu ni wa chumba cha kuchangia tu. Lakini aliyekaa hosteli ya wasio na makazi angalau miezi 3 na kupata msaada wa kujipanga upya, anaruhusiwa kiwango cha fleti ya chumba kimoja. Ombeni barua inayosema hivyo kabla ya kuondoka. Wengi wanaondoka bila hiyo barua, kisha wanahangaika kumtafuta sapoti woka ambaye ameshaacha kazi.

Maswali karibuni.

---

Mti Mkavu

Mkuu pole na hongera. Ila si bora ungerudi Bongo tu? Unaishi kwa sadaka ya wazungu wakati Masasi kuna shamba.

---

Lukuledi

Mti Mkavu, shamba lipo na wadogo zangu wanalima korosho pale. Mwanangu yuko huku, ana miaka sita, namwona kila wikiendi. Hilo ndilo jibu langu, wengine watakuwa na lao. Na sadaka hiyo nimeilipia kodi miaka tisa ya kubeba boksi.

---

Bint Makunduchi

Umeongea yote kaka ila la nyumbani umeliruka. Ulimwambia mama?

---

Lukuledi

Nilimwambia dada yangu mkubwa peke yake. Mama anajua niko "hosteli ya kazini". Simu ya video nilikuwa napigia maktaba, nyuma yangu rafu za vitabu, akawa anawaambia majirani mwanangu amerudi shule. Dada ndiye aliyewatuliza wale wa ada na wa bati za nyumba, akawaambia mwaka huu kaka yenu msimguse. Asingekuwa yeye ningekuwa natuma hela kutoka kwenye ile paundi 400. Na nimewaona wanaofanya hivyo: anakula benki ya chakula, maharage ya kopo asubuhi na jioni, halafu mwisho wa mwezi anatuma hela ya kipaimara cha mtoto wa shangazi. Sitamcheka mtu huyo, naijua ile simu ilivyo nzito.

---

Mzee wa Kazimzumbwi

Uzi mzuri. Mimi nipo kwenye njia tofauti, niko kwenye jamii ya Emmaus, England kusini. Labda nieleze maana wengi hawaijui.

Hii ilianzia Ufaransa 1949, Neuilly-Plaisance karibu na Paris, kwa padri aliyeitwa Abbé Pierre. Mwenzake wa kwanza alikuwa mtu aliyetoka jela na kujaribu kujiua, na padri akamwambia hana cha kumpa, ila anahitaji mtu wa kumsaidia kujengea wengine nyumba. Wakawa wanaokota vitu vilivyotupwa na kuviuza. Uingereza ilifika Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1990 na sasa jamii ziko nyingi.

Utaratibu wetu: unapewa chumba chako, chakula, na posho kidogo ya wiki. Benefiti (misaada ya serikali) unaziacha, isipokuwa Housing Benefit inayolipia chumba. Badala yake unafanya kazi ndani ya jamii kama saa 40 kwa wiki kadiri ya uwezo wako. Mimi niko kwenye gari, tunachukua makochi na makabati majumbani kwa watu, tunapima usalama wa vifaa vya umeme, tunauza dukani. Hakuna mtu anayenihesabia miezi ya kukaa. Ule mtego wa saa 14 aliousema Lukuledi kwangu haupo, kwa sababu sina mshahara wala Universal Credit.

---

Sauti ya Mnyonge

Kwa hiyo unafanya kazi saa 40 bila mshahara na unashukuru? Mkuu hiyo ni ajira ya bure yenye jina zuri.

---

Mzee wa Kazimzumbwi

Nilijua litakuja. Sheria ya mshahara wa chini huku inaruhusu mpango wa namna hii, lakini sitajificha nyuma ya sheria. Nikiwa mtaani nilikuwa nakunywa kuanzia saa nne asubuhi. Leo saa mbili niko kwenye gari na kuna mama mjane wa ghorofa ya tatu ananisubiri nimbebee kabati la marehemu mume wake, na nikichelewa atapiga simu. Mimi nilichokosa zaidi ya hela ni mtu wa kunisubiri. Kijana wa miaka 25 mwenye mtoto wa kulea, mwenye mipango, nitamwambia afuate njia ya Lukuledi, huku posho haitamtosha. Mimi nina 57.

---

Balezi wa Bukavu

Salamu ndugu zangu, mimi natoka Bukavu, niko Ufaransa. Mzee amesema kweli lakini tusipake sukari. Huku jamii za Emmaüs zinapokea watu wengi wasio na makaratasi, na sheria inaruhusu mtu aliyefanya miaka 3 ndani ya jamii zenye kibali hicho kuomba kibali cha kuishi. Ni mlango mzuri, nimeona watu waliupitia. Lakini mtu anayesubiri karatasi hawezi kusema hapana kwa mkuu wake. Mwaka 2023 wakaaji wa jamii moja karibu na Lille waligoma muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo. Na huyo padri, tangu Julai 2024 wanawake wengi wamesema aliwadhulumu kingono. Shirika lenyewe ndilo lililotoa ripoti. Ule mfuko wa makazi uliobeba jina lake uliliondoa jina hilo 2025. Watu wajue vyote viwili.

---

Mzee wa Kazimzumbwi

Ni kweli, ndugu. Kwetu picha yake ilishushwa ukutani, na wapo wazee mle ndani walioumia sana. Kazi ya kesho yake iliendelea.

---

KijanaWaUmoja

Niko Nairobi. Huku kwetu asilimia kubwa ya vituo ni vya watoto. Undugu Society ilianzishwa 1973 na Padri Arnold Grol, hadi leo vijana wa base (vijiwe vyao vya mitaani) wanaijua. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima, karibu theluthi Nairobi. Lakini ukiwa mtu mzima wa miaka 40 umelala nje pale Globe, ni nani atakupa chumba na mtu wa kukufuatilia kila wiki? Makanisa yanakupa chai na blanketi, basi. Nimesoma hii thread nikiwaza hata hiyo kengele ya tosti ningeichukua.

---

Sauti ya Mnyonge

KijanaWaUmoja umenikosha. Ila Lukuledi umeziremba mno hizo nyumba. Birmingham watu wamelazwa nyumba chafu, sapoti woka anakuja kuchungulia dirishani anaandika "amesaidiwa", na mwenye nyumba anachota Housing Benefit.

---

Lukuledi

Sijaziremba, nimeongelea ya kwangu. Unachosema kilifika hadi bungeni. Ripoti ya kamati ya bunge ya Oktoba 2022 ilikuwa chungu kuisoma, na 2023 ikapitishwa sheria ya kusimamia nyumba za namna hiyo. Mbunge aliyeileta, Bob Blackman, ndiye aliyeleta na ile ya 2017. Kutungwa ni jambo moja, kukaguliwa ni jingine, kwa hiyo kabla ya kusaini muulize maswali: sapoti woka ni nani, nitamwona mara ngapi, mchango wangu ni kiasi gani, na nani anamiliki jengo. Akibabaika kwenye la kwanza, ogopa.

Na ngoja niseme la kuhama, nililisahau juu. Fleti ya halmashauri au ya chama cha nyumba huku mara nyingi unakabidhiwa tupu. Hakuna jiko, hakuna pazia, mara nyingi hakuna hata zulia, ni saruji. Wiki ya kwanza nililala juu ya koti. Kitanda na meza nilipata kwenye duka kama la kina Mzee wa Kazimzumbwi, kwa vocha ya halmashauri. Kilichonishinda kwa muda si saruji, ni ukimya. Nilizoea kelele za korido, nikawa naacha redio inaongea usiku kucha. Wapo niliowajua waliorudi mtaani wakiwa na fleti na funguo mfukoni, kwa sababu kule mtaani ndiko kwenye watu wao. Sapoti woka aliendelea kunitembelea miezi kadhaa baada ya kuhama. Kama shirika lenu lina huduma hiyo, msiikatae kwa kujifanya mmeshapona.

---

Dada Siwema

Samahani kwa kuingilia. Mdogo wangu yuko Coventry, analala kwenye gari. Alikuja na visa ya mwanafunzi, alishindwa ada, visa inaisha miezi miwili ijayo. Anaweza kupata nyumba ya namna hii?

---

Lukuledi

Dada Siwema, pole sana. Nisikudanganye: visa ya mwanafunzi ina sharti la kutogusa fedha za umma, na Housing Benefit imo humo. Nyumba nyingi za hisani zinaendeshwa na hiyo Housing Benefit, kwa hiyo hata wakimwonea huruma kitanda chake hakuna wa kukilipia. Zipo chache zenye nafasi za watu wa namna yake kwa michango ya makanisa, misikiti na wafadhili, na baadhi ya jamii za Emmaus nazo zinapokea. Nafasi ni chache na zinajaa.

La kwanza apate ushauri wa uhamiaji wa bure kutoka kwa mtu mwenye kibali cha kutoa ushauri huo, kabla visa haijaisha. Wiki hii, asingoje mwezi ujao. Aende ofisi ya wanafunzi ya chuo chake hata kama amesimamishwa, baadhi ya vyuo vina mfuko wa dharura. Asimpe hela Mbongo yeyote anayemwambia "nitakulipua", akidai anajua hadithi ya kupeleka ofisi ya uhamiaji ili apewe hifadhi ya ukimbizi. Kama hana sababu ya kweli ya kuogopa kurudi, hiyo njia itammaliza. Na akiipata hifadhi kihalali, ajue safari ya makazi ndiyo inaanza: wakishakukubali unatolewa kwenye nyumba ya serikali. Notisi ilikuwa siku 28, Desemba 2024 wakajaribu 56, kisha 2025 wakawarudisha watu wazima wasio na familia kwenye 28.

Je, ana mtoto huku, au mgonjwa?

---

Dada Siwema

Hana mtoto. Ila anakohoa sana, amepungua.

---

Lukuledi

Basi daktari kwanza, kesho asubuhi. Kujiandikisha kwa daktari wa kawaida ni bure kwa kila mtu, haulizwi visa, na wakimwambia alete anwani awaambie hana makazi. Kikohozi na kupungua wasikichukulie mchezo, apimwe kifua kikuu. Matibabu yake England ni bure kwa kila mtu hata asiye na karatasi. Na ugonjwa unaweza kubadilisha jinsi halmashauri inavyomtazama, kwa hiyo apewe barua. Angalia PM (ujumbe wa faragha), nimekuwekea pa kuanzia Coventry.

---

Bint Makunduchi

Siwema, mimi niko Birmingham, nusu saa kwa treni. Nitumie namba yake, Jumamosi nampelekea chakula na blanketi nzito.